Kiti cha Kumshusha Mama

Kwenye ukuta wa ngazi ya nyumba yetu, Wete, kuna mchubuko wa chokaa unaoanzia kidato cha sita na kuishia cha tisa. Ulichubuliwa na jeneza la baba. Alifia juu, chumbani kwao, na wanaume wa msikitini walilipandisha jeneza mpaka mlangoni kwake, wakamtia, kisha ikawa kazi kuteremka naye. Ngazi yetu imebanwa baina ya kuta mbili. Waliotangulia walilazimika kulinyanyua juu ya vichwa vyao, wa nyuma wakainama, na ubavu mmoja ukasugua ukuta mpaka mawe yakaonekana. Kila mwaka tulipopaka chokaa kabla ya Ramadhani, mama alikataza pale pasiguswe. Nilidhani ni huzuni yake tu, nikamwachia.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Niliolewa, nikaachwa, nikarudi kwetu na begi mbili, na tangu hapo nimekuwa nikiishi na mama. Kaka yangu, mkubwa wangu, yuko Maskati mwaka wa ishirini sasa. Nyumba ni ya ghorofa moja, ya zamani: chini mbele kuna sebule wanayokaa wanaume wakija, nyuma kuna jiko na ua, na juu ni kwa mama. Wageni wa kike hupitia uani wakapanda moja kwa moja kwake. Alikuwa na dirisha linalotazama barabarani, na wakati wa msimu, karafuu zikianikwa kwenye majamvi kando ya njia, yeye ndiye aliyekuwa akiwapigia kelele watu waanue kila alipoliona wingu. Wengine walikuwa hata hawatazami mbingu, wanatazama dirisha la mama.

Halafu akapooza upande wa kushoto. Ilimjia asubuhi, anatia udhu. Mimi nilikuwa peke yangu naye, na nikatoka barabarani kuita msaada, wakaja wanaume wanne waliokuwa wakinunua samaki wa Tumbe kwenye pikapu pale nje. Walimweka kwenye shuka, kila mmoja akashika ncha, wakamteremsha. Hapana hata mmoja aliyekuwa maharimu wake, wote watu baki. Pale ngazi inapobana shuka ilikunjika, mama akawa kichwa chini magoti juu, na nguo ikampanda mpaka karibu na magoti. Ulimi ulikuwa mzito, hakuweza kusema, lakini mkono wa kulia ulikuwa unatafuta pindo la nguo na haulipati. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimeshika viatu vyake. Mpaka leo sijui kwa nini nilishika viatu badala ya kumfunika.

Hospitali tulikaa siku kumi. Ulimi ulimrudia siku ya tano, na neno la kwanza alilonambia halikuwa la ugonjwa. Alisema, "Wamenishusha kama gunia." Akafumba macho. Aliporudishwa nyumbani akapandishwa hivyo hivyo, safari hii na watoto wa ndugu zake, akiwa amejifunika uso kwa ukaya, na alipofika kitandani aliapa mbele yangu kwamba hatashushwa tena kwa kubebwa na watu. Mama hakuwa mtu wa kuapa ovyo.

Miezi saba hakuteremka. Alijifunza kutembea kwa mkongojo kutoka kitandani hadi chooni, na kutoka chooni hadi dirishani, lakini ngazi ilimshinda. Mdogo wake, mama yangu mdogo aliyekuwa akiishi Shumba, naye alikuwa mgonjwa wa kitandani. Kila siku baada ya adhuhuri walipigiana simu, na kila siku walimaliza kwa kuulizana nani atakwenda kwa mwenzake kwanza. Mama akikata simu huikunja na kuikunjua ncha ya kanga. Hapo ndipo nilipoamua kwamba atashuka ngazi ile, na atashuka kwa heshima yake, hata ikibidi niuze masikio yangu.

Shauri la kila mtu lilikuwa moja: mwekeeni kitanda sebuleni, mumalize. Kaka yangu alilisema kwa simu, jirani alilisema, daktari alilisema. Mama alikataa katakata. Sebule imefungukia barabara, wanaume wanapita na kusalimia na kuchungulia, na yeye maisha yake yote sebule aliipita akiwa amejitanda, anaharakisha. Alisema kule ndiko wanakowekwa wageni, na yeye si mgeni wa mtu. Kitanda alichotuzalia kiko juu, dirisha lake liko juu, na juu ndiko atakakokaa. Mimi nilimuunga mkono. Kusema kweli nilimuunga mkono kwa kiburi changu mwenyewe, kwa sababu kila mtu alikuwa ananipa mimi shauri kana kwamba sina akili.

Kiti chenyewe alikiona kaka yangu. Alikwenda kumtembelea mgonjwa huko Maskati akakuta mzee anapanda ngazi amekaa, kiti kinakwenda chenyewe juu ya reli. Akanitumia video. Niliitazama mara nyingi, nikampelekea mama, naye aliitazama mara moja akarudisha simu akasema yule mzee ana soksi nzuri. Lakini kesho yake aliniomba aione tena.

Basi tukaanza kuchagua, na kwenye kuchagua tukagombana sana. Kaka yangu alitaka kununua kilichokwishatumika, kutoka nyumba ambayo mwenyewe amekwishafariki. Alituma picha zake. Mama hakuona ubaya, alisema hata nyumba hii ni ya marehemu na tunakaa. Mimi niliuliza urefu wa reli, na ilikuwa fupi kwa vidato vitatu. Kaka akasema itaungwa. Nikamuuliza nani wa kuiunga, yeye aliyeko Maskati au mimi niliyeko Wete. Hatukusemeshana wiki nzima. Kulikuwa na fundi mmoja wa hapa hapa mjini aliyejitolea kutengeneza cha kwake, kwa mota ya pampu ya kisima na waya, na aliponieleza namna mama atakavyovutwa nilimshukuru nikamfungulia mlango.

Mwisho nikampata wakala Dar es Salaam, mwanamke, ambaye sauti yake nilizoea kuisikia kuliko ya ndugu zangu. Alinitumia orodha ya vipimo anavyovitaka: idadi ya vidato, urefu wa ngazi kutoka chini hadi juu, mwinuko wa kila kidato, nafasi ya chini pa kuegeshea kiti, nafasi ya juu pa kushukia, umbali wa swichi ya umeme, upande gani wa mwili una nguvu, na uzito wa mtumiaji. Upana aliuuliza kwa neno moja tu: je, unazidi sentimita sabini na tano? Unazidi, nikajibu, ni themanini na tisa. Nilivipima vyote mara mbili mbili na tepu ya fundi, nikaviandika kwenye daftari la shule, nikapigia mstari. Nilifurahi nafsi yangu. Ilikuwa kazi ninayoiweza.

Uzito ndio uliotupa taabu. Mizani niliiazima kwa jirani mwenye mikarafuu, anayepima mwenyewe nyumbani kabla ya kupeleka karafuu zake kituoni, zinakonunuliwa kwa daraja. Tuliipandisha juu, nikaweka kigoda juu ya sahani yake, nikamketisha mama. Alicheka siku ile. Akaniuliza kituoni watampa daraja gani, kisha akajijibu mwenyewe kuwa la kwanza halipati tena, keshanyeshewa. Nikatoa uzito wa kigoda. Kilo arubaini na moja. Mwanamke aliyekuwa akibeba pakacha la karafuu mbichi kichwani na mtoto mgongoni, kilo arubaini na moja. Aliona uso wangu, akanambia niirudishe mizani ya watu kabla karafuu za mtu hazijalala bila kupimwa.

Kiti kiliagizwa. Bei sitaitaja, ila mavuno ya msimu mmoja ya mikarafuu ya mama yaliingia mle, na kaka yangu akamalizia kilichobaki, tukapatana. Mama ndiye aliyechagua rangi ya kitambaa. Kulikuwa na nyekundu, kijivu na kahawia. Alichagua kahawia, akasema haioneshi uchafu.

Fundi alivuka na kiti kutoka Dar, kijana mwenye adabu, mtu wa bara. Alimwamkia mama kwa kupiga goti kidogo, mama akampenda hapo hapo. Siku mbili alitoboa vidato, akafunga reli upande wenye mchubuko wa baba, akaunga betri. Alinieleza kwamba umeme ukikatika kiti hakisimami, betri itamfikisha, na habari hiyo kwa sisi wa Pemba ilikuwa nusu ya bei. Mama alikaa juu ya ngazi kwenye kigoda chake, amejitanda vizuri, anatazama kila kitu. Fundi alipomaliza akamwonesha jinsi kiti kinavyokunjwa: kikalio kinapanda juu, mikono inapanda, kikanyagio kinapanda. Kikikunjwa, akasema, mtu anapita bila tabu.

Mama akamuuliza, "Na mtu akichukuliwa na wenzake?"

Fundi hakumwelewa. Alidhani anauliza kama watu wawili wanaweza kukaa pamoja, akacheka kwa heshima, akasema hapana bibi, mmoja mmoja tu. Mimi nilimwelewa. Nilijua anachokiuliza kama ninavyolijua jina langu, na nikamkatiza kwa kumuuliza fundi habari za kuisafisha reli.

Mama hakuwa mtu wa kuacha. Fundi alipokwenda kuswali alasiri aliniita nikae karibu yake.

"Mwanangu, nnakuuliza. Hichi chuma kishatiwa, jeneza litapita?"

Damu ilinipanda. Miezi minne ya simu, vipimo na ugomvi na kaka yangu, na reli ndiyo kwanza imefungwa, vumbi la kutoboa bado liko sakafuni, mama ananitajia jeneza. Kwetu sisi mzazi aliye hai hapimiwi. Ukifanya hivyo ni kama umeyaita mauti yaje. Ningekwenda na tepu msikitini kupima jeneza, mji mzima ungejua kabla ya magharibi kwamba binti anamtayarishia mama yake safari. Na zaidi ya hayo niliogopa. Nilimjibu kwa ukali kwamba kiti hiki nimemnunulia aishi.

"Kuishi n'taishi," akasema. "Mie nnauliza upana."

Nikainuka nikaenda kufagia vumbi. Wanafunzi wangu wanajua kwamba kitu kinachoniudhi kuliko vyote ni mtu kujibu swali ambalo hakuulizwa. Siku ile niliondoka bila kujibu kabisa, na mama hakunipa sifuri wala hakuniita tena.

Kesho yake akashuka. Alivaa buibui lake jipya, nikamfunga mkanda, nikamwekea mkono kwenye kitufe, mimi nikashuka mbele yake kinyumenyume, nikimtazama. Kiti kinakwenda polepole sana. Katikati umeme ulikatika, feni ya juu ikanyamaza, lakini kiti kikaendelea kuteremka na mama amekaa wima, mkongojo mapajani. Alipopita penye ule mchubuko, aliegemeza kiwiko kwenye kiti akanyoosha mkono wa kulia hadi vidole vikagusa ukuta wa pili. Nilidhani anajizuia. Alikaa hivyo vidato vitatu, kisha akaurudisha mkono mapajani. Alipofika chini alisema Alhamdulillahi, akaniomba nimpeleke uani akaone kama mlimau wake umekauka.

Wiki ile ile tulikwenda Shumba. Nilikodi gari, nikamweka mbele. Mama mdogo alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba chini ya dirisha, haoni vizuri, na mama alipoketi ubavuni kwake alimpapasa uso wote kama anayesoma. Hawakulia. Waliulizana nani kafa na nani kaolewa, wakafika kwenye habari ya mtungi uliovunjika wakati wao wadogo, na hapo wakagombana kweli, kila mmoja akasema ni mwenzake aliyeuvunja. Tulikula wali na pweza. Nilikuwa nimekaa mlangoni nawasikiliza, na nakumbuka niliwaza kwamba nimeshinda. Ni kitu cha kijinga kukiwaza, lakini nilikiwaza, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Furaha hiyo haikudumu. Tulikwenda Shumba mara tatu, na mara ya nne tulikwenda kuzika. Mama alikaa na wanawake ndani, na jeneza la mdogo wake lilipoingia na kutoka, yeye hakutazama maiti, alitazama mlango. Nyumba za kule ni za chini, mlango wa mbele una mabawa mawili, wanaume waliingia wawili wawili na kutoka wawili wawili wakisoma. Tulikuwa garini tunarudi, tunakaribia mjini.

"Wametoka naye vizuri," akasema.

Nilisema ndiyo, mama. Nilidhani anazungumzia idadi ya watu.

Tangu hapo alianza kupungua. Simu ya adhuhuri ilikuwa haina tena wa kupiga. Nilimkuta mara kadhaa ameishika saa ile ile, anaitazama, anairudisha chini ya mto. Chakula alikionja akakiacha. Kiti alikitumia mara moja kwa wiki, kisha hata hiyo ikakoma, na nilipomhimiza ashuke akaone mlimau alisema mlimau anaujua. Betri nilizichaji kila siku kwa sababu wakala alisema zisiachwe zikaisha. Kiti kilikaa juu, mlangoni kwake, kimekunjwa, na mimi nilikipangusa vumbi, nikimkasirikia mama ndani ya moyo wangu kwa kutokukitumia. Ndiyo, nilimkasirikia. Mtu akitunza mgonjwa peke yake hasira haichagui pa kushika.

Msimu wa karafuu ulipoingia, mvua ilinyesha mara mbili juu ya majamvi ya watu na dirisha halikusema kitu. Mara ya pili mwanamke mmoja aliniuliza njiani kama mama yupo.

Asubuhi moja, siku ya Jumanne ambayo sikuwa na kipindi hadi mchana, mama aliniomba nimwogeshe na nimvishe nguo safi. Nilifurahi, nikadhani amepata nguvu. Akaomba mafuta ya nazi kichwani, nikamsuka mikia miwili. Kisha akasema anataka kushuka. Nikamfunga mkanda. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwishadhoofika, kitufe kilimshinda, nikauweka mkono wangu juu ya wake tukabonyeza pamoja. Nilishuka mbele yake kinyumenyume kama kawaida. Alitazama juu wakati wote, kwenye mlango wa chumba chake, mpaka dari likauficha.

Chini nilimuuliza kama tunakwenda uani. Akasema hapana.

"N'tandikie sebuleni."

Nilisimama. Nikamkumbusha kwamba sebuleni ni barabarani, kwamba wanaume wanachungulia, kwamba ni yeye mwenyewe aliyekataa pale, kwamba kwa ajili ya kukataa kwake tulinunua kiti, tukatoboa ngazi, tukagombana na kaka. Nilisema mengi, na sauti ilipanda. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza. Alikuwa amechoka sana.

"Kuno mlango mpana, mwanangu. Mie sitaki kuja kukunjwa."

Hapo nilielewa kwa nini aliuliza lile swali, na nilielewa kwamba yeye alikuwa na jibu lake tangu siku ya kwanza aliyoshuka. Ule mkono alionyoosha penye mchubuko haukuwa wa kujizuia. Alikuwa anapima, dhiraa yake kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kama alivyokuwa akipimia kanga na majamvi maisha yake yote. Alijua nafasi iliyobaki haitoshi jeneza. Alijua kwamba akifia juu atateremshwa mikononi mwa watu, amekunjwa kwenye mkeka pale ngazi inapobana, miguu juu kichwa chini, kama walivyomshusha akiwa hai. Nilimnunulia kitu cha kumwokoa na aibu ile, na kitu hicho hicho kingemrudisha kwenye aibu ile siku asiyoweza kujifunika. Yeye aliliona. Aliniuliza. Mimi nikaenda kufagia.

Niliondoka nikaingia jikoni nikalia huko, kwa sauti ndogo, nikiwa nimeuma ncha ya kanga. Kisha nikajipangusa uso nikamtandikia. Kitanda cha juu hakikuwezekana kuteremshwa bila kuvunjwa, nikamwazimia cha kamba kwa jirani. Nilitundika pazia dirishani, yeye akasema lisiwe zito. Alilala pale siku kumi na tisa. Watu walipita wakimsalimia kupitia pazia, wanaume kwa wanawake, naye akawajibu wote, aliyeweza kumjua kwa sauti akamtaja. Kiti kilibaki chini ya ngazi. Hakuna siku aliyoomba kurudi juu, na mimi sikuthubutu kumuuliza kama anakitamani kitanda chake. Nadhani alikitamani. Siku moja nilimkuta amegeuza uso kwenye dari, anatazama pale ambapo juu yake ndipo kilipo chumba.

Alifariki baada ya alasiri, mimi nikiwa nimemshika mkono usio na nguvu kwa sababu ndio uliokuwa upande wangu. Kulikuwa na shangazi yangu pia, ndiye aliyemtamkisha shahada. Kaka yangu hakuwahi. Aliposhika simu nilisikia pumzi zake tu na kelele za magari ya huko.

Tulimuosha uani, penye mlimau, tukakizungushia shuka kitanda. Kesho yake asubuhi jeneza liliingia kwa mlango wa mbele. Wanaume waliingia wawili wawili, wakamtia akiwa amenyooka, wakatoka wawili wawili. Halikugusa mbao ya mlango, si kuingia wala kutoka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la ndani na wanawake wenzangu, na macho yangu yalikuwa mlangoni, kama yake kule Shumba. Walitoka naye vizuri.

Baada ya hitima ya siku ya tatu watu walipungua, nikachukua tepu. Nilipima kutoka kwenye kiti kilichokunjwa hadi ukuta wa pili. Kisha nikamwomba jirani mwenye mizani anipimie jeneza la msikitini, na safari hii sikujali nani atasema nini. Alirudi na kipimo amekiandika kwenye kiganja cha mkono. Linazidi kwa sentimita tisa. Nilikiandika kwenye daftari lile lile la vipimo, chini ya mstari niliokuwa nimeupiga nikijisifu.

Kaka yangu anasema kiuzwe, kuna mtu Chake mwenye mzazi asiyeweza ngazi. Nimeshaulizwa mara mbili na nimesema sijajua. Nikikiuza nitampigia mwenyewe huyo mtu nimwambie kabla hajalipa, apime upana wote, hata ule unaomchukiza. Kwa sasa kiko pale pale mama alipokiacha, chini ya ngazi, kimekunjwa. Kila nikitaka kupanda kulala inanibidi nipite ubavu baina yake na ukuta, na kila nikipita ninamjibu, kwa sauti, kwa kuwa hakuna mtu nyumbani wa kunisikia. Halipiti, mama. Halipiti.